Barua Isiyo na Salamu

Kazi yangu ilikuwa ushonaji, lakini mjini Shinyanga nilijulikana zaidi kwa salamu. Nalisema hilo bila haya. Miaka ile ya thelathini, mtu aliyetaka barua ya kumwarifu shemeji yake kwamba ng'ombe wamepona aliweza kwenda kwa mwandishi yeyote pale sokoni. Aliyetaka barua ambayo shemeji ataisikiliza amekaa wima, kofia kaivua, alikuja kwangu. Nilianza na Mungu, nikashuka kwa mababu, nikazunguka nyumba nzima mpaka kwa mtoto anayenyonya, na mwenye kusomewa alijiona mkubwa kuliko alivyoamka siku ile. Baba yangu alikuja bara na misafara ya pembe, akamwoa mama yangu Msukuma na asirudi tena pwani. Kwa baba nilipata Kiswahili cha barua, kwa mama nikapata ile subira ya Wasukuma ya kuulizana hali mpaka kivuli kihame, huku kila swali likijibiwa "mhola", yaani ni amani. Ukivichanganya hivyo viwili unapata mtu kama mimi, na wa namna yangu hakuwapo mwingine.

Baraza letu la kuandikia halikuanzishwa na mtu. Cherehani yangu ilikaa kwenye baraza la duka la nguo la Mhindi mmoja, karibu na njia ya stesheni, na watoto wa shule walipita pale kila alasiri wakisoma kwa sauti maandishi ya kwenye magunia. Chumvi. Sukari. Walisoma kwa uchu, maana shuleni mwalimu wao alikuwa mmoja na wao ni wengi, na kalamu ilimfikia mtoto mara moja kwa wiki akiwa na bahati. Siku moja nilimpa mmoja wao chaki yangu ya kuchorea nguo aandike jina lake sakafuni. Kesho yake walikuja saba. Mwenye duka alinung'unika juu ya sakafu yake, kisha naye akaanza kutuwekea karatasi za kaki zilizofungiwa majora ya nguo, akizikunjua na kuzinyoosha mwenyewe kwa kiganja. Hatukulipwa na mtu wala hatukuomba ruhusa kwa mtu.

Tulikuwa watatu. Mke wangu, aliyefundishwa kusoma na baba yake mwenye chuo cha Kurani, aliwachukua wale wadogo kabisa na kuwaandikisha kwa kidole kwenye sinia la mchanga. Wa tatu alikuwa Msumbwa mmoja kutoka Ushirombo, Mkristo aliyelelewa na mapadri, ambaye sasa alikuwa karani wa mizani kwenye kinu cha kuchambulia pamba. Alikuja kila jioni nyuzi za pamba zikiwa bado zimemganda nyweleni. Mwandiko wake ulisimama wima kama mahindi shambani, na watoto waliuiga mpaka namna anavyokata herufi. Mimi niliwafundisha la kusema.

Hapo ndipo tulipogombana, na tuligombana mbele ya watoto, nao walifurahi sana. Msumbwa aliamini kwamba barua inasema jambo lake kisha inanyamaza. Mapadri walimfundisha hivyo. Mimi nilimwambia kwamba anaandika kama mtu anayepiga hodi huku ameshaingia. Yeye akaniambia kwamba ninapiga hodi mpaka wenye nyumba wanalala. Mke wangu alitutazama wote wawili kisha akarudi kwenye mchanga wake.

Juu ya sheria ya baraza, hata hivyo, hatukuwahi kupishana. Watu wazima niliwaandikia barua zao, lakini mwanafunzi hakuandikiwa na mtu. Kalamu yako, mkono wako. Mtoto angeweza kukaa na mstari mmoja jioni nzima, tukamwacha akae nao. Wino tuliutengeneza wenyewe kwa masizi ya chungu na utomvu wa migunga, na kila mtoto mpya alikuja na donge lake la utomvu limefungwa kwenye jani. Hiyo ndiyo iliyokuwa ada yetu.

Miongoni mwao alikuwapo binti mmoja wa upande wa Kishapu aliyekaa mjini kwa shangazi yake ili asome. Huenda alikuwa na miaka kumi na mitatu, huenda kumi na minne. Alikuwa mrefu, mkimya, akiandika polepole huku ameuma mdomo wa chini, na akimaliza hakuna ulichoweza kukifuta. Msumbwa alimpenda kwa sababu hiyo. Mimi nilimpenda kwa sababu alikuwa mkaidi, na nami najua ukaidi nikiuona.

Siku moja alikuja na habari kutoka kwa mwalimu wake. Amepata nafasi katika shule ya bweni ya wasichana kule Tabora. Treni itakayowachukua wasichana wa shule itapita baada ya wiki saba, na mwalimu mmoja mwanamke atakuwa ndani yake. Lakini kuna sharti moja: baba mzazi aje mwenyewe stesheni, aseme kwa kinywa chake kwamba amekubali. Asipokuja, nafasi itapewa mwingine.

Baba yake alikuwa Geita, kwenye machimbo ya dhahabu. Alikuwa amekwenda na wanaume wenzake wa Kishapu baada ya mvua kuwanyima pamba.

Baba yake mkubwa alikuja kwa miguu kutoka Kishapu kulizungumza jambo hilo. Wengine wangependa niseme kwamba alikuwa mzee mgumu asiyetaka mtoto wa kike asome, lakini sivyo. Alikaa kwenye ngazi ya baraza, akanywa maji, akamtazama mtoto akiandika, akasema kwamba ni kitu kizuri. Kisha akatueleza kwamba mtoto ni wa mdogo wake, na mdogo wake yu hai. Akimpandisha treni bila neno la baba yake, siku wakikutana atamtazama vipi usoni. Hilo lilikuwa kweli. Kwa hiyo barua ilitakiwa iende Geita, na kalamu ilikuwa mikononi mwa binti.

Basi nikaingia mimi.

Yafaa kwanza nieleze barua zilivyosomwa kule kambini, maana tulizijua habari hizo kutoka kwa waliorudi. Aliyejua kusoma alikuwa mpishi wa kambi, peke yake. Barua ikija, ilingojwa mpaka watu wametoka shimoni na kunawa, kisha wote wa kwao na mwenye barua walikaa kumzunguka mpishi. Kila aliyetajwa katika salamu aliitikia kwa sauti kwamba amezipata. Asiyetajwa alijua kwamba kwao amesahauliwa, akaenda kulala na njaa ya namna hiyo. Kambini walikuwapo wanaume kumi na mmoja wa Kishapu. Huwezi kumsalimu mmoja ukawaacha kumi.

Nilimkalisha binti, nikampa karatasi nzuri kuliko zote, nikamwongoza. Sikuishika kalamu, lakini nilisema naye akaandika. "Kwa baba yangu mpenzi, mwenye heshima, anilindiaye usingizi hata akiwa mbali. Baada ya kukupa shikamoo ya magoti yote mawili, nakuletea salamu nyingi zisizobebeka kwa gari." Hapo watoto wote waliacha kuandika wakasikiliza. Tukapitia salamu za mama, za bibi, za baba mkubwa na wake zake, za wadogo wote kwa majina, za shangazi wa mjini. Tukaingia kambini, mtu baada ya mtu, kila mmoja na jina lake na la mama yake. Ilikuwa kazi safi. Nilipoangalia chini, karatasi ilikuwa imekwisha.

Karatasi ya pili haikuwapo wiki ile. Nikamwambia aigeuze ubavuni, aliandike jambo lenyewe pembeni, kwa herufi ndogo, kutoka chini kwenda juu. Aliandika. Msumbwa alipokuja aliisoma yote, akakuna sikio, akauliza shule iko wapi. Nikamwonyesha kwa kidole. Akaniambia kwamba msomaji haigeuzi karatasi. Nikamjibu kwamba mapenzi ya baba yataigeuza. Nakumbuka vizuri jinsi nilivyolisema hilo, nimesimama na tepu ya kupimia shingoni, kama hakimu.

Barua iliondoka na lori la nguo la mwenye duka mpaka Kahama. Kutoka pale ikapokewa na binamu ya Msumbwa, aliyeifikisha Ushirombo kwa baiskeli, na kutoka Ushirombo ikaenda na watu wanaopeleka unga machimboni. Kwa namna hiyo baraza letu lilikuwa na mikono mirefu. Majibu yalirudi kwa njia ileile baada ya wiki nne.

Yalisomwa na binti mwenyewe, amesimama. Yalikuwa majibu mazuri sana. Baba alizipata salamu. Kila mmoja kambini alizipata zake, na kila mmoja alirudisha zake, kwa mama, kwa bibi, kwa baba mkubwa na wake zake. Alinisalimu hata mimi, mwandishi hodari wa mjini, akasema kwamba kambi nzima ilitaka barua ile isomwe mara mbili. Hapo kichwa kilinivimba kidogo. Kisha binti akafika mwisho, akageuza karatasi, akatazama nyuma, akaigeuza tena. Hapakuwa na kitu.

Mke wangu ndiye aliyesema. "Mmemsalimu vizuri," alisema. "Sasa nani atamwambia?"

Binti aliikunja barua ya baba yake taratibu, akaenda nyuma ya duka kwenye pipa la maji. Mke wangu alimfuata, akamkuta analia bila sauti huku akinawa mikono isiyo na wino.

Mimi nilikasirika. Nilimlaumu yule mpishi aliyeishia kwenye neno la mwisho la salamu asiangalie pembeni. Nikailaumu karatasi. Nikamlaumu Msumbwa, ingawa sikuweza kusema kwa kosa gani, naye kwa heshima hakunikumbusha lolote. Niliendelea hivyo mpaka nyumbani. Nilipowekewa chakula ndipo maneno yaliponiishia, nikaona aibu. Mtoto alikuwa na jambo moja tu la kusema duniani, na mimi nilimjazia karatasi kwa majivuno yangu. Zilibaki wiki tatu. Barua moja ingewahi kwenda na mtu mmoja angewahi kurudi, lakini majibu ya barua na barua nyingine visingewahi tena.

Kesho yake binti alikuja kabla ya wenzake. Hakuniuliza kitu. Alichukua nusu karatasi, akachovya kalamu, akaandika mistari minne kisha akapuliza wino ukauke. Nilichungulia juu ya bega lake.

Baba, njoo nyumbani.
Nimepata nafasi ya shule Tabora.
Treni inaondoka mwezi huu ukiisha.
Usipokuja siendi. Ni mimi mwanao.

Haikuwa na salamu hata moja. Katika nchi ile, mjini na shambani, kwa Waislamu na kwa wote, barua isiyo na salamu ni barua ya msiba. Hata asiyejua kusoma anatazama juu ya karatasi, anauliza kama salamu zipo, na zisipokuwapo anaketi chini. Nani atasalimu wakati maiti yuko ndani? Nilimweleza hayo. Nilimwambia kwamba watadhani kuna aliyekufa.

Alijibu kwamba anajua, lakini wakishasoma mstari wa pili wataona kwamba si msiba. Nikamsihi aongeze neno moja tu juu, shikamoo, nafasi ipo, sitasema lingine.

"Nikiandika shikamoo, Mwalimu," alisema, "atasubiri zilizobaki."

Hata Msumbwa, aliyenidhihaki miaka yote, aliishika karatasi ile jioni kama imemchoma, akauliza kwa upole kama salamu moja fupi isingeweza kuingia. Binti akatikisa kichwa. Tulitazamana, wazee wawili wa kalamu, na hakuna aliyethubutu kuvunja sheria tuliyoiweka wenyewe. Kalamu yake, mkono wake. Barua ikaondoka ilivyo.

Siku zilizofuata tulifanya kazi kama kawaida, na kusema kweli tulifanya vizuri kuliko kawaida. Watoto wawili wa wafanyakazi wa reli walitoka kwenye mchanga wakaingia kwenye karatasi. Binti alikuja kila alasiri, akawashika mikono wale wadogo, hakuitaja Geita hata mara moja. Mwezi ulinenepa, ukaanza kupungua. Baba mkubwa alikuja tena kutoka Kishapu na sanduku la bati alilomnunulia mtoto, maana hakuwa mtu wa kukata tamaa, akaliweka kwa shangazi. Kila lori la Kahama lililoingia nilisimamisha cherehani.

Zilipobaki siku mbili, alasiri ya Jumamosi, wanaume wanne waliingia kwa miguu kupitia njia ya stesheni. Walikuwa na vumbi mpaka kwenye kope. Hawakubeba kitu. Aliyetangulia alikuwa mrefu, amejifunga kaniki nyeusi begani, na watu njiani walimpisha bila kuambiwa. Nilimjua kwa mdomo wa chini, alivyouuma.

Nilisimama kumsalimu. Mimi, na salamu zangu zote. Akainua kiganja kunizuia, kwa kuwa aliye kwenye msiba hasalimiwi.

"Ni nani?" aliuliza.

Mwanzo sikumwelewa. Akaingiza mkono ndani ya shati akatoa karatasi ya kaki, imekunjwa vilevile binti alivyoikunja. Mmoja wa wenzake ndiye aliyenieleza, kwa sauti ya chini. Barua ilifika jioni, watu wakakaa kama desturi. Mpishi akaifungua, akatazama juu, akaifunga. Hakuisoma. Jina la maiti halitajwi ugenini mbele ya watu walioketi kusikia salamu. Mtu analisikia kwao, akiwa na wa kumshika. Mpishi alimwita baba kando, akamwambia neno moja tu, kwamba barua ipo na haina salamu. Usiku ule walichanga unga wa njiani, na kulipokucha wanne wakaondoka, yeye na watatu wa kumsindikiza. Lori lililowapita lilijaa pamba, hawakuliomba. Walikuwa wamepanga kupita mjini moja kwa moja mpaka Kishapu. Lakini alipoliona baraza na kujua kwamba ndiko barua ilikotoka, akakatiza njia kuja kwetu. Asingeweza kwenda hatua nyingine bila kujua.

Alininyoshea karatasi niisome. Ilikuwa mkononi mwangu tayari nilipoirudisha.

"Mwandishi wake yupo," nilisema, na nikaita kuelekea nyuma ya duka.

Alitoka mikono yake ikiwa myeusi kwa masizi, maana alikuwa anatengeneza wino. Akamwona baba yake, na baba yake akamwona. Yule mwanaume aliketi kwenye ngazi.

"Basi ni mama yako," alisema.

Binti akasema mama ni mzima.

"Ni bibi."

Bibi ni mzima. Wote ni wazima, alisema, mhola. Alipiga magoti, akatoa shikamoo yake, kisha akaichukua barua mkononi mwa baba yake, akaifungua na kumsomea mistari minne, neno kwa neno, kwa sauti iliyosikika mpaka ng'ambo ya njia.

Kisha mmoja wa wale wasindikizaji akaanza kucheka, cheko la mtu aliyechoka sana, na wenzake wakamfuata, wakakaa chini vumbini wakicheka huku wanafuta macho. Baba hakucheka. Alikuwa anamtazama mtoto wake uso mzima, kipande kwa kipande.

"Siku tisa nimewazika," alisema. "Kila nilipolala nimezika mmoja. Wewe nilikuzika Ushirombo."

Binti aliinamisha kichwa mpaka kikagusa magoti ya baba yake. Mke wangu alileta maji, akamkabidhi kila mtu kikombe, akarudi ndani haraka, na nilijua kwamba hataki tumwone akilia.

Niliona wakati wangu umefika. Nikamwambia yule baba kwamba kosa ni langu. Nikamweleza juu ya barua ya kwanza, salamu zilivyokula karatasi, jambo lilivyokwenda pembeni. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaingiza tena mkono ndani ya shati, akatoa karatasi ya pili, iliyolainika kwa jasho, imechakaa kwenye mikunjo. Barua yangu nzuri. Alikuwa ametembea nayo muda wote. Binti akaigeuza ubavuni na kumsomea maandishi madogo ya pembeni, kutoka chini kwenda juu: nafasi, Tabora, treni, baba mwenyewe aje. Jambo lilikuwamo shatini mwake tangu mwanzo, na alilala nalo kifuani kila usiku asijue.

Alizichukua barua zote mbili, moja mkono huu na nyingine mkono ule, kama anayepima uzito. Nilingoja ghadhabu yake na nilijua ninaistahili. Msumbwa alikuwa ameshafika kutoka kinuni, amesimama chini ya baraza, hata pamba nyweleni hakuitikisa. Kila mmoja wetu alijua kwamba kuja kwake si kukubali. Mwanaume aliyelizwa siku tisa na mistari minne ana haki ya kukataa mistari mingine yote.

"Hii ilinifurahisha, nikabaki Geita," alisema mwishowe, akiinua ile ndefu. Akainua ile fupi. "Hii imenitoa. Mtoto anayeweza kunitoa huko kwa maneno machache hivi, nitamzuia na treni kwa kipi?"

Ndivyo alivyokubali. Kisha akamwambia binti, kwa ukali ambao ulikuwa na haki yake, kwamba asithubutu kumwandikia tena barua ya namna ile, hata nyumba ikiungua. Binti akasema hatathubutu.

Jumatatu tulikwenda stesheni baraza zima, hata mwenye duka, ambaye alifunga duka mchana jambo ambalo hakulifanya hata siku ya kumwoza binti yake. Baba alisimama mbele ya yule mwalimu mwanamke, ameazima kanzu yangu iliyomfika nusu ya miguu, akasema kwa Kiswahili chake kwamba yeye ni baba wa mtoto huyu na amekubali. Hakuulizwa swali jingine. Sanduku la bati likapandishwa. Binti hakulia, ila alituangalia mmoja mmoja dirishani, na alipofika kwangu aliniamkia kwa mikono miwili. Nililia mimi, na sioni haja ya kuficha.

Baba hakurudi Geita mwaka ule. Alikwenda Kishapu, akalima, mvua ikamkumbuka. Sisi tuliendelea, na tangu siku ile nilifundisha barua kwa mpango mpya: jambo kwanza kwenye karatasi ya majaribio, mtoto alisome kwa sauti, ndipo salamu zitafutiwe nafasi. Msumbwa aliutazama mpango huo bila kusema lolote, na kunyamaza kwake kulinikera kuliko maneno.

Barua ya kwanza kutoka Tabora ilifikia dukani kwetu. Tulituma neno Kishapu, na siku ya gulio baba na baba mkubwa wakaja pamoja, wakakaa kwenye ngazi ileile. Mwenye duka akaleta kiti chake mwenyewe. Baba aliniomba nisome mimi. Nilipoifungua, aliangalia kwanza juu ya karatasi, asiyejua herufi hata moja, kisha akaniangalia mimi. Nikamwambia zipo.

Zilikuwapo. Zilijaa mbele na nyuma. Shikamoo ya magoti yote mawili, na salamu zisizobebeka kwa gari wala kwa treni. Alimsalimu mama, bibi, baba mkubwa na wake zake, wadogo wote, shangazi. Aliwasalimu wale wanaume kumi wa kambini, kila mmoja na jina la mama yake, na wale watatu wasindikizaji akawapa mara mbili. Alimsalimu mpishi. Alimsalimu mwenye duka na majora yake, Msumbwa na mizani yake, mke wangu na sinia la mchanga. Mimi alinisalimu kwa mistari mitano, sitaiandika hapa. Nilisoma mpaka chini kabisa, nikaigeuza ubavuni, nikaangalia pembeni zote nne. Pembeni palikuwa peupe.

Msumbwa hakuweza kujizuia. Aliuliza basi habari zenyewe ziko wapi, anakula nini, anasoma nini, amezoea au hajazoea.

Baba alikuwa amefumba macho.

"Mhola duhu," alisema. Ni amani tupu. "Hiyo ndiyo habari. Anza tena kule juu."

Nikaanza tena kule juu.